Watoto wa Visiwani Nao Waujue Mlima

Kila inapokaribia likizo kubwa ya skuli, gati ya Malindi hujaa familia zinazovuka kwenda Bara. Akina mama wamebeba vikapu, akina baba wameshika tiketi, na watoto wameshikana mikono wasije wakapotea katika msongamano. Wengi wao huenda Dar es Salaam kuwaamkia jamaa, wakakaa Kariakoo au Temeke wiki mbili, kisha wakarudi na nguo mpya na hadithi za magari. Hatuna ubaya na ziara hizo. Kuunga udugu ni jambo jema. Lakini tumejiuliza mara nyingi: watoto hao wamekwisha kuvuka bahari, wamefika katika nchi yenye mlima mrefu kuliko yote barani Afrika, inakuwaje warudi nyumbani bila ya kukanyaga hata kilima kimoja?

Mtoto wa visiwani huujua mlima tangu darasa la kwanza. Huuona katika Nembo ya Taifa, bwana na bibi wamesimama juu yake. Hufundishwa kwamba Mwenge wa Uhuru uliwashwa kileleni mwezi wa Disemba 1961, na katika mtihani huandika bila ya kukosea kwamba Kilimanjaro ina urefu wa mita 5,895. Hata hivyo mlima kwake ni picha na tarakimu. Mwenzetu mmoja aliulizwa na bintiye wa miaka sita kwamba mlima "unaanzia wapi", maana katika picha hakuuona mlango. Tulicheka sana ofisini siku ile, na baadaye tukaona kwamba swali lenyewe ni la haki, na wengi wetu tuliokuwa tukicheka hatukuwa na jibu la kumpa isipokuwa lile la kitabuni.

Sababu kubwa ya jambo hili, kwa maoni yetu, si umasikini wala umbali. Ni ile dhana iliyoenea miongoni mwetu kwamba kupanda mlima ni kazi ya wageni kutoka Ulaya na Marekani, wenye viatu vizito, fimbo za chuma na wapagazi nyuma yao. Na kwamba aliyekwenda mlimani asifike kileleni amekwenda bure. Dhana hiyo ndiyo inayowafungia njia watoto. Mtoto wa miaka mitano hana haja ya kilele. Kijito cha maji baridi anachoweza kutia miguu, kinyonga juu ya kijiti, na jiwe kubwa la kukalia huku akila yai la kuchemsha, hayo yanamtosha kabisa. Na mahali pa namna hiyo yapo mengi, tena karibu, katika milima midogo ambayo watu wa pwani huipita ndani ya basi wakiwa wamelala.

Hatusemi haya kwa kusikia tu. Mwaka mmoja familia tatu za wafanyakazi wa gazeti tuliondoka pamoja kwenda Morogoro, tukiwa na watoto saba, mdogo wao akiwa na miaka minne na mkubwa kumi na mmoja. Tulikusudia kupanda Milima ya Uluguru hadi mahali paitwapo Morningside, ambapo pamesimama jengo la zamani lililojengwa na Wajerumani. Tulimwajiri kijana mmoja atuongoze. Tulichelewa kuondoka, kwa sababu kila mtu alitaka chai yake. Watoto wawili walikuwa na kandambili. Na hakuna aliyechukua sweta, maana mjini jua lilikuwa kali. Kijana yule akaondoka kwa mwendo wake, ambao ni mwendo wa mtu aliyezaliwa mlimani, na sisi tukamfuata kwa haya ya kusema kwamba tumechoka. Ilipofika saa nane mchana mvua ilishuka, udongo mwekundu ukawa kama sabuni, kandambili zikakatika. Tulirudi mjini wakati wa magharibi, mtoto wa miaka minne amefungwa mgongoni kwa kanga iliyorowa, anatetemeka, na mama yake hasemi na mtu. Hatumlaumu kijana. Aliambiwa watu wanataka kufika, naye akawafikisha. Kosa lilikuwa letu: hatukumweleza, na wala sisi wenyewe hatukujua, kwamba safari ya mlimani yenye watoto hupimwa kwa miguu ya mtoto aliye mdogo kuliko wote.

Tuliporudi mara ya pili tulikuwa tumekwisha kujifunza. Mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500 juu ya bahari, na Morningside iko karibu mita 1,300. Mtu mzima mwenye afya hupanda kwa muda wa saa mbili hivi. Mwinuko huo ni mwingi kwa mtoto wa chini ya miaka minane, na mzazi anayewaza vinginevyo atakuja kumbeba. Kwa hiyo tuliwagawa. Wakubwa walikwenda juu na baba zao. Wadogo walipanda saa moja tu, wakapumzika kando ya maji, wakacheza mpaka wakachoka kucheza, wakateremka. Na tuseme kweli: waliorudi na hadithi nyingi zaidi ni wale wadogo. Walikutana na akina mama wa Kiluguru wakiteremka na mizigo ya mboga na ndizi vichwani kwenda sokoni, wakiwapita watalii kama waliosimama, na mmoja wa akina mama hao aliwagawia watoto ndizi kwa kuwa walimwamkia vizuri.

Hapo ndipo mtoto wa kisiwani anapoweza kujifunza jambo ambalo hakuna ubao wa skuli unaoweza kumfunza. Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa na mamilioni ya watu wa Dar es Salaam, hupata sehemu kubwa ya maji yake katika milima hii. Mtoto aliyenywa maji ya bomba kwa shangazi yake Temeke, kisha siku mbili baadaye akatia mkono katika kijito kinachotoka msituni, atauliza mwenyewe kwa nini msitu ule haukatwi. Msitu wa Uluguru ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Wazee wa huko wana habari nyingine pia za kumsimulia, kama ile ya mwaka 1955, wakulima walipokataa kulazimishwa na wakoloni kuchimba matuta katika mashamba yao, ikazuka ghasia.

Kwenda huko siku hizi ni kwepesi kuliko zamani. Boti ya kasi kutoka Unguja hadi Dar es Salaam huchukua kiasi cha saa mbili, na tangu mwezi wa Juni 2024 treni ya umeme huenda Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Familia iliyopanda boti ya asubuhi inaweza kulala Morogoro siku hiyo hiyo, na kesho yake saa moja asubuhi ikawa njiani kupanda.

Lakini kama tungeulizwa na mzazi mwenye watoto wa miaka minne, mitano au sita ampeleke wapi, tungemwelekeza Usambara, katika mji wa Lushoto. Huko mtu hupandishwa na gari. Kutoka Mombo, katika barabara kuu ya kwenda Arusha, gari hupinda na kupinda kwa kilomita zipatazo 33, likipita Soni penye maporomoko ya maji yanayoonekana kando ya barabara, hadi Lushoto iliyo karibu mita 1,400 juu ya bahari. (Watoto wengi hutapika katika kona hizo. Wapewe chakula kidogo kabla ya Mombo, wakae mbele, na mzazi awe na kopo lenye kifuniko.) Mwenye kushuka Lushoto amekwisha kuwa juu ya mlima, na matembezi yaliyobaki ni ya upole.

Matembezi tunayoyapenda zaidi ni ya Irente. Kutoka mjini hadi mwamba wa Irente ni kiasi cha kilomita tano au sita, kwa njia ipitayo kati ya mashamba ya mboga na nyumba za watu, ikipanda kidogo kidogo. Watoto wakubwa wataimaliza. Wadogo wanaweza kupandishwa gari au bodaboda hadi karibu, wakatembea kipande cha mwisho tu, na hakuna atakayewadharau kwa hilo. Njiani kuna shamba linalouza jibini, mkate na jemu, na katika msimu wake watoto wa kijijini huuza mapeasi na mafyulisi, matunda ambayo kwetu huyaona dukani tu, tena kwa bei ya kutisha. Kuna vinyonga katika vichaka. Mtoto atakayemwona wa kwanza apewe zawadi, na utaona jinsi miguu iliyokuwa imechoka inavyopona ghafla.

Mwishoni mwa njia nchi hukatika. Ardhi hushuka wima mamia ya mita, na chini huonekana mashamba ya mkonge, barabara, vijiji kama vibiriti vilivyomwagwa, na mbele yake mbuga ya Wamasai isiyo na mwisho. Mtoto wa kwetu, aliyezoea kuona upeo wa macho baharini peke yake, huona upeo mwingine ulio wa nchi kavu. Yule binti wa mwenzetu alisimama pale akiwa ameshika mkono wa baba yake, akauliza boti zimekwenda wapi. Tunatilia mkazo neno hilo la kushika mkono. Mwamba ule si mahali pa kukimbiliana. Mtu mzima mmoja kwa kila mtoto mdogo, mkono mkononi, hatua kadhaa kabla ya ukingo, na picha zipigwe baada ya hapo.

Kwa wenye siku ya pili, msitu wa Magamba uko jirani na mji, nako kuna njia za kivulini na mbega weupe kwa weusi wanaoruka juu ya miti. Katika milima hii pia ndiyo asili ya lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu huliweka madirishani na kuliita kwa jina la afisa wa Kijerumani aliyelipeleka kwao, Saint Paul. Na mzazi apendaye historia awaonyeshe watoto upande wa Vuga, makao ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa katika karne ya 19, ambaye mamlaka yake yaliteremka hadi mwambao na kukutana huko na yale ya Sultan wa Unguja. Mlima ule na visiwa hivi si wageni baina yao. Kwa ndugu zetu wa Pemba, ambao Tanga ndiyo Bara iliyo karibu nao, ni jirani kabisa.

Wapo watakaouliza juu ya Kilimanjaro yenyewe. Tunawajibu kwamba isubiri. Kanuni za hifadhi haziruhusu mtoto wa chini ya miaka kumi kwenda kileleni, na zina sababu. Juu ya mita 2,500 hivi hewa nyepesi huanza kuwasumbua watu kwa maumivu ya kichwa na kichefuchefu, na mtoto mdogo hawezi kueleza vyema anachokisikia mwilini. Hulia tu, na mzazi akadhani ni deko. Familia yenye watoto wakubwa kidogo inaweza kutembea ndani ya msitu wa Marangu na kurudi siku hiyo hiyo. Kibanda cha kwanza, Mandara, kiko karibu mita 2,700, na kwenda na kurudi ni mwendo wa siku nzima. Si wa mtoto wa miaka sita.

Mambo ya kuchukua si mengi. Kila mita elfu moja za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi sita au zaidi, kwa hiyo Lushoto ni baridi kuliko Unguja kwa nyuzi tisa hivi, na katika mwezi wa Julai, usiku, mtu wa pwani huona kama ameingia katika jokofu. Sweta kwa kila mtoto, na koti la mvua. Viatu vya raba vinavyoshika chini, si kandambili. Soksi ndefu za kuingizia suruali, kwa ajili ya siafu. Maji, machungwa, chapati, mayai. Kanga mbili kwa mtoto atakayeshindwa, kwani hakuna mfuko wa dukani uliowahi kuipita mbeleko ya bibi zetu. Ziepukwe Masika na siku za Vuli nzito. Iondokwe asubuhi na mapema, na adhuhuri imkute kila mtu ameanza kuteremka, hata kama kilele kinaonekana pale pale.

Tena si lazima kuanza kwa kuvuka bahari. Msitu wa Masingini, unaohifadhi vyanzo vya maji vya mji wa Unguja, uko juu ya mwinuko ambao watu wa mjini huuona kila siku. Asubuhi moja ya Jumapili huko itamwonyesha mzazi mtoto wake ana miguu ya namna gani. Huko Pemba hata jaribio hilo halihitajiwi. Mtoto wa Wete aliyezoea kupanda na kushuka vilima kila asubuhi akienda skuli atawaacha nyuma watoto wetu wa Mji Mkongwe kabla ya kijito cha kwanza, nasi tumelishuhudia jambo hilo kwa macho yetu.

Sasa tungependa kuwaelekea wakuu wa Serikali, wa pande zote mbili. Misitu na utalii si mambo ya Muungano. Kila upande una wizara yake na mipango yake. Matokeo yake ni kwamba vijitabu vya kuitangaza milima huandikwa kwa lugha za kigeni na kupelekwa Ulaya, na mwalimu wa skuli ya Makunduchi au Micheweni anayetaka kuwapeleka watoto arobaini katika Uluguru hajui amwandikie nani barua. Hatuoni ugumu wa Wizara ya Elimu ya Zanzibar na Wizara ya Maliasili na Utalii ya Bara kukubaliana juu ya karatasi moja yenye maelezo hayo: kibali hupatikana ofisi gani, ada ya mtoto raia ni kiasi gani, waongoza njia ni nani, na mwezi gani unafaa.

Jambo la pili ni dogo zaidi, na kwetu ni la haraka zaidi. Siku ile tulipopotoshwa na haraka yetu wenyewe, hatukuona mwanzoni mwa njia bango hata moja la Kiswahili lililotwambia ni saa ngapi za kwenda na ngapi za kurudi kwa mtoto, mahali gani pa kugeuzia, na baada ya saa ngapi mtu asianze kupanda. Mbao mbili na kopo la rangi zingetosha. Halmashauri na wahifadhi wa misitu, wakishirikiana na vijiji, wangeweza pia kuchagua katika kila mlima njia moja fupi ya mzunguko, ya saa moja au moja na nusu, yenye choo safi mwanzoni na mahali pa kukaa katikati, ikaitwa njia ya watoto. Waongoza njia wafundishwe kutembea nyuma ya mtoto wa mwisho badala ya mbele ya mtu wa kwanza, na walipwe kwa saa walizokaa na familia, si kwa urefu waliofika, ili asiwepo tena kijana wa kuharakisha watu juu kwa sababu ujira wake uko huko.

Likizo ya katikati ya mwaka huangukia katika kipupwe, wakati njia ni kavu na anga ni nyeupe. Karatasi hiyo ikitoka kabla ya wakati huo na kubandikwa katika skuli zetu na pale gatini Malindi, karibu na dirisha la tiketi, tuko tayari kuichapisha katika ukurasa huu bila ya malipo.